Gesi ya Mnazi Bay ni ya Nani?

Mkorosho wa Naliendele, Mtwara, una mwenyewe. Mkulima ameupalilia, ameupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, pengine hata mbegu yake bora imetoka kituo cha utafiti kilicho papo hapo. Akisema ni wake, nani atambishia? Lakini gesi ya methani iliyogunduliwa Mnazi Bay, mkoani humo humo, mwaka 1982 haikupandwa na mtu. Ni atomu moja ya kaboni na nne za hidrojeni, na ilikuwa chini ya miamba kabla binadamu hajakuwapo.

Wala haipatikani duniani tu. Januari 14, 2005, chombo cha Huygens kilitua Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya sayari ya Zohali. Huko, kwenye baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri, methani hunyesha mvua na kujaza maziwa, na hakuna anayeidai.

Lakini Mtwara, wadai walijitokeza. Desemba 2012 watu waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam; Januari na Mei 2013 ghasia zikaua watu. Serikali ilisema rasilimali ni ya Watanzania wote. Waandamanaji walisema neema ianzie ilipo. Bomba likazinduliwa Oktoba 2015.

Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, ina la kusema kuhusu nani anamiliki madini. Hadithi inasimulia kuwa Abyad bin Hammal alimwomba Mtume machimbo ya chumvi ya Ma'rib, akapewa. Ilipoelezwa kwamba chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, yakarudishwa. Wanazuoni wakatenga madini ya wazi, kama chumvi na mafuta yanayobubujika yenyewe, ambayo hamilikishwi mtu, na yaliyofichika, yanayodai jasho na gharama.

Methani ya Mnazi Bay imefichika. Basi tukipima kwa jasho peke yake, mwenye mtambo wa kuchimba anawashinda wa Mtwara na wa Dar es Salaam kwa pamoja.

Hoja ya ujirani, ile ya waandamanaji, ina nguvu kwingine. Aliye karibu hakuiumba gesi wala hakuichimba, ila ardhi iliyopisha bomba na mtambo wa gesi wa Madimba ni ya kwao, na hatari ikitokea itaanzia kwao. Hapo anadai fidia ya mzigo, si umiliki, na dai hilo halimnyimi Mtanzania wa Kigoma fungu lake.