Napenda Kuku, Nampenda Kuku

Ukisema "napenda kuku" karibu na stendi ya mabasi Singida mjini, utaletewa sahani. Ukisema "nampenda kuku", watu watakutazama mara mbili, maana sasa unamzungumzia kuku mmoja, mwenye rangi yake na mwendo wake, ambaye pengine hutaki achinjwe. Kuku wa kienyeji wa Singida wana sifa nchi nzima, husafirishwa kwa matenga hadi Dar es Salaam. Walaji wao wanapenda kuku. Anayempenda kuku ni mtoto aliyemlea.

Shuleni tuliambiwa hiyo "m" ni kiambishi cha mtendwa. Tukakariri, tukafanya mtihani, basi. Lakini ni kiambishi chenye maadili ndani yake. "Napenda watoto" anaweza kuisema mtu yeyote, hata ambaye hajawahi kumfuta mtoto kamasi. "Nawapenda watoto" inaleta swali: wepi?

Kihispania, lugha isiyo na undugu wowote na yetu, kinafanya jambo karibu lile lile. Kitenzi chao querer kinabeba kutaka na kupenda kwa pamoja. Quiero una maestra: nataka mwalimu wa kike, yeyote atakayepatikana. Quiero a una maestra: nampenda mwalimu fulani, na huyo hana mbadala. Tofauti yote iko kwenye "a" moja. Na wakisema te quiero, te inatangulia kitenzi, kama "ku" yetu inavyotangulia shina katika "nakupenda".

Sasa tazama posa. Kwa Wanyaturu na Wanyiramba mahari imehesabiwa kwa mifugo tangu zamani, na wazee wanapokaa kuzungumza, binti hutajwa kwa sifa: mchapakazi, ana heshima, katoka ukoo mzuri. Siwadharau, wazee wanajua ndoa inavyokula miaka. Ila hayo ni mazungumzo ya "tunataka mke", bila ile "a" ya Wahispania.

Binti mmoja wa Ikungi ninayemfahamu alimuuliza mchumba wake, "Unanipendea nini?" Kijana akajibu vizuri tu: upole, bidii, dini. Binti akasema, "Dada zangu wote wako hivyo."

Karne ya 17, Mfaransa Blaise Pascal alilisumbukia swali hilo hilo. Mtu akipendwa kwa uzuri, ndui ikamharibu sura bila kumuua, mapenzi yatakwisha. Akipendwa kwa akili au kumbukumbu, hizo nazo zinapotea, naye bado yupo. Pascal akaamua kwamba hatumpendi mtu kamwe, tunapenda sifa zake tu. Nadhani alikosea. Tumewaona wanawake wanaowalisha waume ambao hawakumbuki tena hata majina ya watoto wao. Sifa zilizowakutanisha zimeondoka moja moja, na "m" ya "nampenda" haijahama. Sifa zinaeleza jinsi mtu alivyoingia, hazielezi kwa nini bado yupo ndani.

Lakini tusiipe sarufi kazi isiyoiweza. "Nakuchukia" ina "ku" ile ile. "Nitakupiga" pia. Tena "ku" haina jina wala sura: ujumbe wa "nakupenda" unaweza kutumwa kwa watu watatu jioni moja bila kubadilisha herufi. (Tunawajua wanaofanya hivyo. Wengine ni marafiki zetu.)

Na kuna nyumba nyingi, Singida na kwingineko, ambako mtoto anakua mpaka anakwenda chuo bila kuambiwa "nakupenda" hata siku moja. Vijana wa rika letu tunalilalamikia hilo, tukilinganisha na filamu. Mimi nafikiri tunasikiliza kitenzi tukaacha kiambishi. "Ku" ilikuwepo siku zote, imekaa kwenye vitenzi vingine: nilikusubiri, nimekununulia, nimekuwekea.

Hiyo ya mwisho ndiyo naipenda zaidi. Unafika usiku, basi limechelewa, unakuta ugali na mlenda vimefunikwa mezani, na sauti chumbani inasema, "Nimekuwekea." Ile "e" iliyodai sababu katika "unanipendea nini" hapa haidai sababu yoyote. Inasema tu chakula ni cha nani. Na chakula hicho, tofauti na ule ujumbe wa jioni, hakikuweza kuwekwa kwa watu watatu, kwa sababu unga uliobaki ulitosha sahani moja.