Nyumba ya Bondeni, Shamba la Mlimani

Tarehe 27 ya kila mwezi simu yangu hutoa mlio mfupi. Ni benki. Kwa miaka mitano mlio huo haukunishtua: mshahara uliingia asubuhi, rejesho likakatwa mchana, na jioni nikarudi Kihonda kwenye nyumba niliyoiita yangu. Kisha ukaja mwezi ambao mlio ulifika na mshahara haukufika. Ujumbe ulisema salio langu halitoshi. Niliusoma nikiwa nimesimama barazani, milima ya Uluguru mbele yangu imejifunika wingu hadi shingoni, nikaitazama nyumba ile kwa jicho la mgeni.

Mahali nilipofanya kazi kwa miaka tisa walipunguza wafanyakazi, nami nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mtu wa namna yangu kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, mwisho miaka kumi. Kwa hesabu hiyo miaka yangu tisa ikawa siku 63. Mkopo wa nyumba ulikuwa bado na miaka kumi mbele yake.

Naandika haya kwa sababu najua mtu anayepokea ujumbe kama ule hufanya nini. Hunyamaza. Mimi nilinyamaza majuma saba.

Mke wangu alijua kazi imekwisha. Asichojua ni kwamba rejesho halikulipwa, wala la mwezi uliofuata. Afisa mikopo alipiga simu, nikaiacha iite mpaka ikakatika. Barua pepe yake niliifungua nikaifunga kabla ya kufika mstari wa pili. Wakati huohuo niliendelea kumtumia mama pesa ya matumizi huko Mgeta, na katika kamati ya harusi ya jirani nikatoa shilingi laki moja, mchango uleule niliotoa nilipokuwa na mshahara. Nilifanya hivyo kwa sababu mtu akipunguza mchango huulizwa kulikoni, nami sikuwa tayari kuulizwa. Hivyo nilichukua kiinua mgongo, pesa ya mwisho iliyotokana na jasho langu, nikakinunulia sura ya mtu ambaye hajapoteza kazi.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Deni nalo ni la namna hiyo, na linazidi maradhi kwa jambo moja: lina tarehe.

Hesabu zenyewe nilizifanya usiku mmoja, watoto wamelala. Nilikopa milioni 30 kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Si riba ya ajabu, maana kwa miaka ya karibuni mikopo mingi ya nyumba nchini imekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Rejesho lilikuwa shilingi 462,000 kwa mwezi. Katika rejesho la kwanza, 425,000 zilikuwa riba, na shilingi 37,000 tu ndizo zilizopunguza deni. Ndivyo mikopo hii ilivyo: miaka ya mwanzo unalipia muda, deni lenyewe unaligusa baadaye. Kwa miaka mitano nilikuwa nimelipa karibu milioni 27 na laki saba. Deni lililobaki lilikuwa milioni 26 na laki sita. Niliiweka kalamu mezani nikakaa kimya hadi jogoo wa kwanza.

Mji wetu unajua habari za kazi kwisha. Wazee wa Morogoro wanaukumbuka mji wa viwanda: cha viatu, cha ngozi, cha turubai, cha nguo, cha magunia. Milango ilipofungwa mmoja baada ya mwingine, watu walirudi nyumbani na vyeti vya utumishi mikononi. Lakini wale niliowafahamu mimi walirudi kwenye nyumba zisizodaiwa. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1973, ilifungwa mwaka 1995, na hata ilipokuwa hai wengi hawakuifikia. Watu walijenga tofali kwa tofali: mwaka huu msingi, mwaka kesho ukuta, mabati yakisubiri mavuno au malimbikizo ya mshahara. Kazi ilipokwisha walilala njaa, lakini walilala kwao.

Kizazi chetu kimepita njia nyingine. Mwaka 2008 ilitungwa sheria ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC ili benki zipate fedha za kukopesha kwa muda mrefu. Kabla ya hapo, mwaka 2004, serikali ilianzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha mali za wanyonge, kwa hoja kwamba nyumba yenye hati inaweza kumsimamia mwenyewe mbele ya benki. Hoja hiyo naikubali. Hati ilinipa nyumba nikiwa na miaka 33, wakati baba yangu alihamia kwake mvi zimeshatoka. Lakini hati iliyokuombea mkopo ndiyo hiyohiyo itakayoitwa siku ukishindwa kulipa. Nilisaini nikiwa na furaha, na nina hakika maneno yale nilisomewa. Sikuyasikia.

Mke wangu aliligundua deni kwa karatasi. Barua ililetwa nyumbani nikiwa sipo, akaipokea, akaisoma, akaniwekea juu ya mto. Nilipoingia chumbani aliniambia, bila kupandisha sauti: "Mume wangu, sahihi yangu imo kwenye zile karatasi. Uliniita nikasaini. Kwa nini hukuniita tuliposhindwa?"

Sikuwa na jibu, na sheria iko upande wake. Nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imelisema hilo waziwazi. Nilikuwa nimeichukulia ridhaa ile kuwa utaratibu wa benki, wino wa kukamilisha fomu. Kumbe ni ahadi ya watu wawili, na nilikuwa nimemfungia mmoja wao nje kwa majuma saba.

Kesho yake tulikwenda benki pamoja, naye ameandika kwenye daftari la shule la mtoto kila shilingi tunayoingiza na tunayotoa. Nilitarajia kukaripiwa. Afisa aliuliza swali moja: "Mlikuwa wapi siku zote hizi?" Kisha akafungua faili. Sheria inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya maandishi na kusubiri siku 60 kabla hajaiuza nyumba. Wengi tunazihesabu siku hizo kama muda wa kujiokoa, na kwa kweli ni chache. Siku zilizokuwa na nafasi zaidi zilikuwa zile zilizotangulia notisi, nilipokuwa bado na kiinua mgongo mkononi na jina safi kwenye vitabu vyao. Hizo nilizitumia kujificha.

Hata hivyo tuliupanga mkopo upya. Deni lilisambazwa kwa miaka 20 badala ya kumi iliyosalia, rejesho likashuka hadi 390,000. Nafuu hiyo ina bei yake: nikilipa hivyo hadi mwisho, nitakuwa nimeongeza zaidi ya milioni 38 juu ya njia ya awali. Nilijua hivyo nikasaini, safari hii nikisikiliza kila neno. Nyumba tuliipangisha kwa 250,000, sisi tukahamia vyumba viwili Mji Mpya. Fao la upotevu wa ajira kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia miezi 18 au zaidi, lilifuta malimbikizo. Cherehani ya mke wangu ikawa ndiyo inayotulisha. Zilibaki 140,000 za kujazia kila mwezi, na hizo sikujua zitatoka wapi.

Ndipo nikapanda kwa mjomba.

Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mwenye neno juu ya ardhi ya ukoo ni kaka wa mama. Nilipita Sangasanga, nikapanda hadi Mgeta, ambako mashamba yameshikilia miteremko kama ngazi na maji hushuka kwa mifereji kutoka msituni. Nilimkuta mjomba akichambua mbegu. Nilimweleza yote, na mchango wa harusi sikuuficha. Alinyamaza kidogo.

"Hiyo karatasi uliyowapa, inaweza kulichukua na shamba hili?"

"Hapana, mjomba. Hili ni la ukoo."

"Basi lima."

Nimetafakari sana maneno yale mawili. Shamba nililopewa ni dogo, lina mteremko unaouma magoti, na halina hati. Hakuna benki itakayolitazama. Haki yangu juu yake ni moja tu: watu wa pale wanajua mimi ni mtoto wa nani. Sisemi tuiache hati turudi kwenye ukoo. Ardhi ya ukoo ina magomvi yake, imegawanywa hadi imekuwa vipande, na wapo wasio na mjomba wa kumpandia. Ninachosema ni kwamba mlimani siri ya njaa haikai. Moshi wa jiko lako usipopanda asubuhi, jirani wa mteremko wa pili anauliza. Bondeni tumejenga kuta na mageti, na moshi wetu hauonekani. Anayeishi bondeni lazima aseme kwa kinywa chake kile ambacho mlimani moshi ungemsemea.

Basi wewe uliyepata ujumbe kama wangu, sema leo. Mwambie mwenzako kwanza, kwa maana nyumba ni yenu. Nenda benki kabla ya notisi, na usome bima uliyokatwa kwenye mkopo, maana nyingine hugusa kupoteza kazi. Kama unaona umeachishwa isivyo haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inakupa siku 30 za kufungua shauri, nazo hupita upesi. Na kama hesabu zinakataa kabisa, uza mwenyewe mapema, kwa utulivu, ulipe deni na ubaki na chochote. Sheria inamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri iwezekanavyo, lakini bei ya mnada huja na haraka, na haraka hiyo gharama yake hubebwa na mwenye nyumba. Kuuza si fedheha. Mwenye kulipa deni lake amesimama wima, hata kama amesimama kwenye chumba cha kupanga.

Michango nayo nimejifunza kuisema. Kamati ya harusi iliyofuata niliwaambia: safari hii nina elfu kumi na nguvu zangu. Hakuna aliyecheka. Baada ya kikao, mwenzangu mmoja alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini ilikuwaje nilipokwenda benki. Naye alikuwa na majuma yake ya kunyamaza.

Njegere za kwanza zilishuka Morogoro baada ya miezi mitatu, magunia manne. Nimeanza pia kibarua cha kuandika hesabu za wafanyabiashara wadogo sokoni. Nyumba ya Kihonda bado ina mpangaji, na sijui tutarudi lini. Tarehe 27 simu bado inalia. Siku hizi naiacha mezani, katikati ya sahani, na mke wangu ndiye anayeusoma ujumbe, kwa sauti, watoto wakisikia.