Jiwe la Jiko

Watu walipofurushwa kutoka msitu wa Maasai Mau, 2018 na 2019, shangazi alirudi Longisa na mabati na kuku wawili. Mimi nilikuwa nimeacha chuo, sina shughuli, basi nikajitolea kwenda kupanda miti hukohuko. Jembe likagonga jiwe la jiko, bado jeusi kwa moshi. Nilipanda. Mto Amala hutoka Mau, ukaungana na Nyangores kuwa Mara. Msitu ukiisha tumekwisha, hata shangazi anajua. Lakini kujitolea si ni kutoa kilicho chako? Mimi nilitoa Jumamosi moja. Yeye alitoa nyumba, na hakuna aliyemwita mtu wa kujitolea. Jioni alinimiminia mursik, akauliza, “Mlipanda upande gani?” Nikamwambia, mbali tu.