Daftari Lisilo na Msimulizi: Kuingia, Kutoka na Ushahidi wa Kazi

Je, mtambo unaoandika saa ya mtu kuingia na kutoka kwenye mtandao wa ofisi unamshuhudia au unamsingizia? Swali hili aghalabu huachiwa mafundi na wanasheria. Hata hivyo, daftari la seva ni matini, na matini haina budi kuhakikiwa.

Tuchukue mfano wa karani wa wakala wa forodha huko Changamwe, aishiye Likoni. Kabla ya kuketi mbele ya tarakilishi yake, huvuka kwa feri, hukipita kisiwa, kisha huvuka Makupa. Feri ikichelewa, daftari halitaji feri. Huandika 08:40 tu. (Hata saa mbili na dakika arubaini ni tafsiri yetu sisi.)

Kutoka kuna utata zaidi. Neno la siri likitiwa, kuingia huandikwa papo hapo. Lakini umeme ukikatika ghafla, huenda kutoka kusiandikwe kamwe. Aliyekwisha fika nyumbani huonekana yumo kazini, na anayepiga hesabu kwa kalamu mezani pake huonekana hayumo. Mtambo unalishuhudia neno la siri, haumshuhudii mwenyewe. Katika lugha yetu, shahidi ni aliyehudhuria akaona.

Umbo hili la simulizi si geni nchini Kenya. Chini ya sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi walilazimishwa kubeba kipande, ambacho wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Humo mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi na, lililo muhimu kwetu, siku ya kuondoka. Bila sahihi hiyo ya mwisho, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, alihesabiwa mtoro. Alikuwa mhusika mkuu wa matini asiyoiandika na, mara nyingi, asiyeweza kuisoma. Karani wa leo hafungwi jela kwa sababu ya seva, lakini kutoka kwake bado kumo mikononi mwa mwingine.

Yamkini mwajiri atadai haki ya kujua nani alifungua faili za mizigo, na lini. Anayo. Neno la siri likiibwa, daftari hilo hilo laweza kumwokoa asiye na hatia. Tatizo huzuka linapohamishwa kutoka ulinzi wa mizigo hadi hesabu ya mshahara, kana kwamba ni utanzu ule ule.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa karani haki ya kuarifiwa, kuziona habari zake, na kutaka zilizo za uongo au za kupotosha zirekebishwe. 08:40 si uongo. Je, bila feri, inapotosha? Naona inapotosha, na kwamba karani anastahiki safu yake kando ya ile ya saa, aiandike feri kwa mkono wake.