Kusamehe Si Kunyamaza

Nilichuna majani chai miaka kumi na tisa. Mashine zilipoletwa, wengi tukaachishwa kazi. Kilichoniuma zaidi ni vile tuliambiwa: majina yalibandikwa mlangoni pa ofisi jioni, na tuhame nyumba za kampuni kabla mwezi uishe. Meneja hakutoka nje hata kutuangalia usoni.

Mei 2023 mashine za kuchuna zilichomwa huku kwetu Kericho, na watu wakaumia. Hasira ile naielewa. Lakini nikajiuliza: kama sichomi, basi ninyamaze tu?

Soma Yakobo 5:4. Ujira wa wavunaji ukizuiwa, unalia, na Mungu anasikia. Kama ujira wenyewe haunyamazi, mbona mimi?

Basi nilibeba karatasi zangu za mshahara hadi ofisi ya chama cha wafanyakazi, nikadai siku zangu. Na kila asubuhi nikamtaja meneja yule kwa maombi. Mwanzoni nilimtaja nimeuma meno. Malipo bado nafuatilia. Chuki nimeitua, mgongo huu umebeba kikapu vya kutosha.

Wewe uliyebaki kazini, jirani yako aliyehama umemtembelea?