Je, Nambari Iliyosadifu Kweli Yaweza Kuwa Uwongo?

Ndugu msomaji, jambo nitakalokusimulia lilinipata mkoani Tabora, nilipokuwa mwanafunzi wa mazoezi katika maabara moja ya utafiti wa udongo. Ni jambo dogo, lakini ndani yake mna swali ambalo kila mwenye kuitafuta haki hana budi kulijibu.

Kazi yangu ilikuwa kupima uchachu wa udongo ulioletwa kutoka mashambani. Kila asubuhi chombo cha kupimia hujaribiwa kwanza kwa maji ya dawa ambayo nguvu yake inajulikana. Siku moja sikufanya hivyo. Nilipokwisha kupima sampuli 20, nikapima udongo wa kuhakikishia, ambao jibu lake ni 5.0, chombo kikaonyesha 5.6. Nikaona uvivu kurudia. Nikapunguza 0.6 katika kila jibu, nikaandika daftarini. Usidhani tofauti hiyo ni ndogo: katika kipimo hicho, kushuka kwa 1 ni kuongezeka kwa uchachu mara 10, na kushuka kwa 0.6 ni mara 4 hivi.

Mzee aliyetusimamia alilitazama daftari, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hizi umezipima au umezitunga?"

Sikuwa na jibu. Nilipima zote upya hadi jua likachwa. Baadhi ya majibu yalikuwa mbali na niliyoandika, maana kosa la chombo halikuwa sawa kwa kila udongo. Mkulima angeweza kushauriwa kununua chokaa asiyoihitaji. Lakini mengine yalilingana kabisa na yale niliyotunga.

Labda utasema: kama nambari ilikuwa sahihi, uwongo uko wapi? Fikiri juu ya shahidi anayeapa kwamba aliona mtu akiiba, hali hakuona. Hata kama mtu yule aliiba kweli, shahidi huyo amesema uwongo, kwani alichokitolea ushahidi ni kuona kwake. Vivyo hivyo daftari la maabara lasema: "Nimepima." Nami sikuwa nimepima.

Mji wa Tabora una kisa kinachokaribiana na hiki. Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliwasili Kazeh, karibu na Tabora ya leo, kisha wakaifuata njia ya misafara ya pembe hadi Ujiji. Wakitaka kujua urefu wa Ziwa Tanganyika juu ya usawa wa bahari, walipima joto la maji yanayochemka, kwani kadiri mtu apandavyo juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kipimajoto chao kilikuwa kibovu. Walipata takriban futi 1,850, na kumbe ziwa liko futi 2,500 na zaidi. Kosa la namna hiyo hutokea kipimajoto kikikosea kwa kiasi kisichotimia daraja moja.

Mwaka 1858 wenyeji waliwaambia kwamba mto Rusizi waingia ziwani. Wao wenyewe hawakufika mtoni. Mwaka 1864 Burton alidai kwamba mto huo hutoka ziwani kuelekea Nile. Na kipimo kibovu hakikuwa na nguvu ya kumzuia mtu asiamini alilolipenda. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakaona kwa macho yao kwamba Rusizi waingia. Wenyeji walikuwa wamesema kweli.

Basi, ndugu yangu, kabla ya kushuhudia neno lo lote, liwe la dunia au la dini, jiulize: hili nimelipima, nimelisikia kwa mwenye kujua, au nimelitunga kwa kulipenda? Si aibu kusema, "Nimesikia tu," wala kusema, "Bado nachunguza." Mzee yule angeweza kupitwa na kosa langu. Mwenyezi Mungu hapitwi na kitu, naye ajua ni nambari zipi tulizopima.