Tarehe ya Kweli Kwenye Ndoo

Ninakaa Katindo, hapa Goma, na kazi yangu ni ya maabara. Asubuhi, kabla sampuli hazijafika, navaa glovu na miwani, nafungua madirisha, napima unga wa klorini wa asilimia 70: gramu 7 kwa kila lita ya maji. Nakoroga, nafunika, naacha utulie. Hiyo ni dawa ya asilimia 0.5, ya meza na sakafu. Ya kunawia mikono ni hafifu mara kumi, asilimia 0.05. Kisha naandika tarehe na kuibandika kwenye ndoo.

Klorini ikishaingia majini haidumu. Joto na mwanga huimaliza. Damu na matope huila nguvu kabla haijawafikia vijidudu. Ndiyo maana tunapangusa uchafu kwanza, halafu tunamwaga dawa na kuiacha dakika 10. Ila maji ya jana na ya leo ukiyatazama ni yaleyale. Basi mtu akibandika tarehe ya leo kwenye maji ya jana, na asiugue yeyote, je, ametenda dhambi?

Mzee mmoja wa kanisa letu alinijibu: "Mama, Mungu ndiye mlinzi. Ndoo ni ndoo tu." Namheshimu, na mimi pia naamini Mungu hulinda. Lakini ulinzi wake haukuwekwa ili kufunika uzembe wetu. Aliyedanganya tarehe amecheza kamari na uhai wa mfagizi atakayeipangusa meza ile, wala hakumwomba ruhusa. Asipougua mtu, mdanganyifu huyo amepata bahati, hajapata haki. Na aliyefuata kila hatua, kisha mwenzake akaugua, atalia, lakini hana hatia. Matokeo yako mikononi mwa Mungu. Sisi tumedaiwa uaminifu.

Uaminifu huo unadai maarifa pia. Vimiminika tunavyotumia kwenye GeneXpert, mashine yetu ya kupimia sampuli, vina kemikali iitwayo guanidini thiosianeti. Vikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu, kwa hiyo mabaki yake hutengwa kwenye chombo chake. Mwenye bidii anayemimina klorini humo, akidhani anazidisha usalama, anaweza kuwadhuru wote waliomo chumbani. Nia yake ni safi, lakini kumpenda jirani ni pamoja na kujifunza kinachomdhuru.

Julai 2019 Ebola ilithibitishwa Goma kwa mara ya kwanza, kwa mchungaji aliyefika kwa basi kutoka Butembo. Mji ulikuwa ukinawa kila mahali: shuleni, makanisani, kwenye vizuizi vya barabarani. Kila aliyekinga mikono chini ya bomba alimwamini mtu asiyemjua, aliyechanganya dawa ile alfajiri. Kwetu sisi tunaochanganya, sijaona mfano ulio wazi zaidi wa jirani tuliyeamriwa kumpenda kuliko huyo anayenawa: hatumjui jina, hatatushukuru, na hawezi kututambua tukimdanganya.

Kwa hiyo nawasihi ninyi mnaoshika unga huu, hospitalini, shuleni, hata mnaotia klorini kwenye madumu ya wachota maji kando ya Ziwa Kivu: pimeni sawasawa, mwageni ya jana, andikeni tarehe ya kweli. Mkifanya hivyo mmeshaabudu, hata kabla kengele ya kanisa haijalia.